Maboksi Meusi ya Kissa

Kissa amekaa Guangzhou muda mrefu kuliko wengi wetu tunaonunua mzigo mtaa wa Xiaobei. Kazi yake ni kuwapeleka wafanyabiashara kwa basi hadi Shiling, kwenye viwanda vya mikoba, awatafsirie na kubishana na laoban, bosi wa kiwanda, mpaka bei ishuke. Mzigo huwa wa watu. Yeye hubaki na asante na kamisheni.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alipata mzigo wake mwenyewe. Chama cha waandishi wa hadithi za kutisha cha Dar es Salaam kilimwagiza madaftari: jalada jeusi la ngozi bandia, na juu yake jumba la kale lenye madirisha yaliyochongoka, popo, na jeneza lililofunguka kidogo. Kingo za kurasa nazo nyeusi. Laoban alipoona mchoro aliuliza kama kuna msiba. Kissa akamwambia hapana, watu wanataka tu mahali pa kuandikia hofu zao. Yakifika salama, chama kitaagiza tena, naye ataacha kuishi kwa mizigo ya wengine.

Sisi huchanga kontena moja, na kabla ya kufunga milango tunauombea mzigo pale ghalani, kila mtu amefungua boksi lake la juu, maana hatuombei tusichokiona. Nilimnong'oneza Kissa atandike karatasi juu ya madaftari. Hakutaka.

Edina, aliyekuwa na magauni ya harusi, alichungulia, akarudi nyuma.

"Kissa, hili ni jeneza?"

"Ni picha, dada."

"Picha ya nini?"

"Ya jeneza."

Watu walicheka. Edina hakucheka. "Shela za mabibi harusi zisafiri na majeneza baharini mwezi mzima? Hapana. Yashushwe."

"Wekeni kava zangu za simu katikati," alisema Abdulrazak, ambaye hungoja pembeni tukiomba. "Simu haiogopi kufa. Ikifa unachaji."

"Wewe kaka, nyamaza." Edina alimgeukia Kissa. "Kama ni lazima yaende, basi yaombee mwenyewe. Kwa sauti. Tukusikie."

Kissa alikuwa hajaomba kwa sauti tangu mumewe, Kasmir, afie hospitalini katika jiji hilihili. Tulimwombea kwa zamu, wiki baada ya wiki, na bado akafa. Tangu hapo Kissa husimama nasi amefumba macho na mdomo. Edina alijua. Nadhani alijuta neno lilipomtoka, lakini hakulirudisha.

Kissa aliweka kiganja juu ya jalada. Nje, dereva wa lori alipiga honi.

"Bwana," alisema, "mimi na wewe hatujazungumza siku nyingi. Watakaoandika humu, waogope wakiwa wanaandika tu. Wakifunga daftari, wawakute watu wao wote nyumbani, wazima."

Akaishia hapo. Edina ndiye aliyesema amina, taratibu, akitazama sakafu.

Kisha akainama, akashika upande mmoja wa boksi. "Shika huko, mdogo wangu. Lakini yakae mlangoni, mbali na magauni yangu."

Wakalipandisha pamoja. Abdulrazak, bila kuambiwa, akaanza kupanga kava zake katikati.