Kishindo Nilichokisubiri

Juzi nikiwa dukani Mkula na mtoto wa dada yangu, redio ilitangaza kwamba rais ameshinda kwa kishindo, kwa kura ambazo hazijawahi kufikiwa. Nikacheka peke yangu.

Nilikuwa mdogo kama mtoto huyo redio iliposema maneno hayohayo. Mchana ule ulinukia pumba, mama akitwanga mpunga uani. Nililaza sikio chini nikisubiri hicho kishindo, na kweli ardhi ikatikisika.

"Mama, kimefika!"

"Ni mchi wangu huo, mwanangu!" Alicheka hadi kanga ikamfunguka.

Nikamuuliza kama kura zote hizo zitatujengea daraja, maana kila masika mto ulitufungia njia ya shule. Baba mdogo, aliyekuwa akinoa jembe, ndiye aliyejibu.

"Kura zimezidi kwa sababu watu tumezidi, we. Shamba likipanuka, magunia si lazima yaongezeke? Uchaguzi ujao zitazidi tena."

"Shemeji, muache mtoto aote," mama akasema.

Sikumwelewa baba mdogo. Mimi niliziona kura kama mawe: zikirundikwa sana, zitafika ng'ambo.

Sasa namwelewa. Watu tumezidi kweli, na daraja hakuna. Juzi tulipotoka dukani nilimbeba mtoto mgongoni tuvuke, maji yakanifika magotini na masika hata haijaanza.

"Mjomba, kishindo ni nini?"

Nikamwambia asikilize. Tulisikia maji tu.