Mtu Ambaye Eucabeth Hakumwandikia

Mimi nina mashine ya fotokopi hapa Malaba, mpakani na Uganda, na Eucabeth ana meza ya bima. Chumba ni kimoja, kodi tunagawana, kwa hivyo haya ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu nikiwa hatua tatu kutoka kwake. Siku hizi watu wa stendi wanapenda kumsema vibaya. Hawamjui. Mimi namjua, na hata nikimkasirikia, na humkasirikia mara nyingi, ni vile mtu anavyomkasirikia dada yake.

Alitoka Butula na diploma na jozi moja ya viatu vya ofisini. Mwaka wa kwanza alihangaika kama kila ajenti: kutembea kando ya foleni ya malori, kugonga milango ya madereva, kuambiwa apande juu waongee au aende zake. Kisha akagundua jambo ambalo wenzake walichelewa kulijua. Dereva anayekwenda Kampala au Juba hamsikilizi mtu wa bima. Anamsikiliza yule aliyemshikia karatasi za mzigo. Basi Eucabeth akaacha kufukuza madereva, akaanza kujenga urafiki na watu ambao madereva hukutana nao kwanza: mafundi wa breki, wakili mmoja wa Busia anayeshughulikia kesi za ajali, na zaidi ya wote mawakala wa forodha. Hao ndio wakamtumia watu wa kadi ya njano, ile bima ya kuvuka nayo mpaka.

Wala haukuwa urafiki wa mdomo. Alikwenda matanga yao. Alijua mke wa nani amejifungua na mtoto wa nani ameitwa kidato cha kwanza. Ukimtumia mteja, anakupigia simu kabla lori halijavuka daraja: "Yule mtu wako nimemaliza na yeye." Hakuna aliyewahi kupata aibu kwa kumtuma mtu kwake.

Lakini alikuwa na sheria moja. Mtu anayemletea wateja, yeye hamuuzii bima. Hata aombe vipi. Zamani alikuwa amemwandikia bima ya maisha fundi wa Busia anayeitwa Robinson. Baada ya miezi michache Robinson akashindwa kulipa, akaanza kumkwepa. Akimwona tu anakuja, anajitosa chini ya lori na spana mkononi kana kwamba ana kazi. Wateja wa gereji ile wakakauka kabisa. Tangu hapo Eucabeth akaapa. Mimi nilimwona ana akili, na nilimwambia hivyo, kwa hivyo nami nina sehemu yangu katika jambo hili.

Emong alikuwa wakala wa forodha, Mteso wa Amukura, mrefu na mpole, mwimbaji wa besi kwaya ya kanisani. Karibu nusu ya wateja wa Eucabeth walitoka mikononi mwake. Alikuwa anasimama mlangoni, anatusalimu kwa Kiteso, "Yoga!", halafu anamsukuma dereva mbele yake. "Boss, kaa hapa. Huyu dada hana maneno mingi. Utavuka saa hii." Eucabeth akitaka kumpa kitu cha asante, anakataa.

"Achana na hiyo. Wewe tunza watu wangu."

Mwezi wa tatu mwaka jana alikuja bila dereva. Alinipa kitambulisho chake na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake wawili, nikamtolea kopi. Akazipeleka kwenye meza ya Eucabeth.

"Leo uniandikie mimi," akasema. "Ile ya kusaidia watoto nikienda."

Eucabeth akacheka. "Unaenda wapi wewe? Wewe ni mtu wa nyumbani bwana. Acha hizo karatasi, nitakuambia."

Emong naye akacheka, akaziacha. Alipotoka nilimuuliza Eucabeth kwa nini asimwandikie tu. Akatia zile kopi kwenye droo. "Benedetta, huyu akianza kunikimbia, mimi nafunga hii meza."

Emong aliuliza tena mara mbili. Mara ya mwisho aliuliza huku akitazama kalenda ukutani, kama vile ni yeye mwenye makosa. "Ile kitu yangu imefika wapi?"

"Iko njiani. Usijali."

Hilo "usijali" linanichoma mpaka leo. Hakuuliza tena. Alikuwa na haya zake, na mtu mwenye haya hamsumbui rafiki mara ya nne. Aliendelea kuleta madereva vilevile, na Eucabeth akaendelea kuwaandikia, na mimi nikaendelea kutoa kopi. Tulikuwa tunacheka sana chumba kile.

Mwaka huu, mwezi wa tano, Emong alianguka mbele ya dirisha la forodha, karatasi za mtu mkononi. Presha. Alilala hospitali siku mbili, ya tatu akafariki. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Eucabeth aliacha kazi wiki nzima. Alipika kwenye matanga, alipigia simu madereva hadi wale wa Mombasa, alisimama kaburini Amukura akalia hadi akashikiliwa. Watu walimsifu, wakasema huyo ndiye rafiki. Mimi nilikuwa najua analia nini, na sikuweza kumtazama usoni.

Wiki tatu baadaye mjane akaja. Mildred ni mwalimu wa chekechea, mwanamke mdogo wa sauti ndogo. Alikaa kwenye kiti kile cha madereva, bahasha ya cheti cha kifo mapajani.

"Mama Mitchelle, karibu," Eucabeth akasema.

"Asante, dada. Nimekuja juu ya ile kava ya baba Mitchelle. Aliniambia alileta karatasi kwako. Akasema bado hujamwambia ya kulipa, lakini nisiwe na wasiwasi, kitu ikiwa kwa Eucabeth imeisha."

Nilizima mashine. Nitasema ukweli: nilitamani adanganye. Angesema kampuni ilikataa, angesema fomu zilipotea Nairobi, na Mildred angeamini. Hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi.

"Sikumwandikia," Eucabeth akasema. "Aliniomba mara tatu, nikakataa kumwandikia. Niliogopa akishindwa kulipa ataacha kuniletea watu."

Nje madereva walikuwa wakipigiana honi na mtu anauza ndizi kwa sauti. Mildred alifungua bahasha, akachungulia ndani, akaifunga tena.

"Na hao aliokuwa anakuletea," akauliza, "walikuwa wanangoja siku ngapi?"

"Walikuwa hawangoji."

"Wote?"

"Wote. Nilikuwa nawamalizia hapohapo."

Eucabeth alianza kulia, si kilio cha matanga, bali kile cha mtu asiyetarajia kubembelezwa. Alisema samahani, akairudia, akasema atalipa karo ya watoto yeye mwenyewe, na hapo akakatiza, maana sisi sote watatu tulijua hana uwezo huo. Mildred alimngojea amalize. Kisha akaomba zile kopi za vyeti vya watoto, kwa sababu ofisi ya basari ilikuwa imezitaka, na Eucabeth akazitoa kwenye droo na kumpa kwa mikono miwili.

Nilidhani sasa atamtukana. Ningekuwa mimi, ningemtukana mpaka barabarani. Badala yake Mildred alinyoosha mkono, akamfuta Eucabeth shavu kwa ncha ya leso yake, kama anavyowafuta watoto wake wa chekechea.

"Alikuwa anakusifu sana nyumbani," akasema. "Eucabeth hivi, Eucabeth vile. Kuna siku mpaka niliona wivu."

Akaweka karatasi zake kwenye bahasha, akatuaga sote wawili kwa majina, akatoka kutafuta boda ya kumrudisha Amukura.