Nailoni Niliyoifungua Mapema

Kosa langu la kwanza kitaluni lilikuwa kufungua nailoni mapema. Hakuna aliyenifundisha kubebesha parachichi. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kuharibu miche yangu mwenyewe, nyuma ya nyumba yetu kijijini Yakobi. Unakata mche wa kienyeji, unachomeka kikonyo cha parachichi la kisasa, unafunga kwa nailoni, kisha unaacha. Mimi sikuweza kuacha. Kila asubuhi nilifungua kidogo nione kama vimeshikana, halafu nikafunga tena. Vikonyo vikakauka vyote. Nikasema nailoni ilikuwa mbovu.

Naanza na hilo kwa sababu baadaye mke wangu alilitaja mbele ya mtu tusiyemjua, na hapo ndipo nilipoanza kupona.

Mke wangu ni Salome, mtu wa Kifanya, mwepesi wa kucheka. Tulipompata mtoto wetu Eliya, hofu ikanishika. Nilitaka kila kitu kiwe sawasawa: jiko la mkaa litolewe nje kabla ya kulala, mlango ukaguliwe, nguo za mtoto zikunjwe pembe kwa pembe. Salome akikunja, nilikunjua nikakunja upya. Akinyamaza, nilimuuliza, "Umenikasirikia?" Akisema hapana, nilingoja kidogo nikauliza tena. Hata akiwa sokoni nilimpigia simu.

"Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Ikoje, baba Eliya? Nanunua viazi!"

Mwili nao ukaanza. Usingizi ukapotea. Nilikuwa naharisha kila nikitaka kusafiri. Nikilala, nilisikia moyo wangu ukidunda kwenye mto. Tulikwenda kwa wasimamizi wetu wa ndoa, watu wema, wakamwambia Salome avumilie, kwamba mume ana mawazo mengi. Akavumilia. Kisha asubuhi moja alimfunga Eliya mgongoni, akaniambia bila kupaza sauti, "Nimechoka kuulizwa. Naenda kwa mama." Akapanda gari la Kifanya.

Nilizidiwa nikiwa Makambako, nimempelekea mteja miche. Karibu na stendi kifua kilibana, midomo ikafa ganzi, vidole vikajikunja nisiweze kuvinyoosha. Jasho lilinitoka na ile baridi yote. Nikajikojolea. Nilijua nakufa, na nilichowaza ni kwamba Salome ataambiwa na watu baki. Mteja akanikimbiza hospitali. Walipima damu, presha, na moyo kwa ile mashine ya nyaya. Daktari, kijana wa rika langu, akasema, "Moyo wako mzima."

"Pima tena, daktari."

"Nimeshapima tena. Uliniomba, umesahau?" Akavuta kiti akakaa. "Hii ni hofu. Ni ugonjwa, na una tiba. Una mke?"

Nikalia. Akanielekeza kwa mshauri wa saikolojia Njombe mjini, akasema nikiweza twende wawili.

Nilimpigia Salome nikitegemea aseme mshauri ni wa vichaa, maana mimi mwenyewe niliamini hivyo. Akasema, "Nitakuja mara moja. Ukianza kunisahihisha, naondoka, na usinifuate tena."

Mshauri alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimwomba Salome aeleze. Mimi nisikilize tu, kisha nirudie nilichosikia.

"Nilipoondoka ile Jumatano," Salome akaanza.

"Alhamisi," nikasema.

Salome akashika mkoba wake. Mshauri hakunigombeza. Aliniuliza, "Umesikia nini mwilini kabla ya kusema hilo?" Nikafikiri. Nikajibu kwamba kifua kilibana. "Basi kikibana tena, kiache kibane. Usiseme. Endelea, mama Eliya."

Salome akauachia mkoba. "Huyu hata miche yake haiamini. Anaifungua aone kama imeshika, inakufa. Na mimi ananifungua hivyohivyo kila siku. Nitashika saa ngapi?" Alianza akicheka, akamaliza akilia.

Nikarudia maneno yake bila kurekebisha hata moja. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Naye alikiri jambo. Mara nyingi alisema "niko sawa" wakati hayuko sawa, ili ninyamaze. Kumbe kweli kulikuwa na kitu nilichokisikia sautini mwake, ila kuuliza kwangu ndiko kulikomfanya akifiche. Mshauri akatupa kazi ya nyumbani: mimi nikiogopa niseme "naogopa", nisimgeuzie swali, yeye aseme kweli, hata kama ni "nimekasirika".

Salome alikubali kuja tena, na tena. Lakini kila mara alirudi Kifanya, na nilikuwa nimekatazwa kumuuliza atarudi nyumbani lini. Tuliagana stendi, nikarudi kitaluni. Moyo ulipodunda, nilikaa chini kati ya miche nikapumua polepole, kama nilivyofundishwa, hadi ukatulia. Nilikuwa nimebebesha upya. Nailoni sikuigusa.

Alirudi asubuhi ya ukungu, Eliya mgongoni. Hakuingia ndani kwanza. Alipitia kitaluni, akainama kwenye mche mmoja.

"Hujafungua?"

"Bado. Nilitamani."

"Kwani sijui kwamba ulitamani!" Akavua mkoba, akanipa niushike.

Namshukuru Mungu, na yule daktari aliyevuta kiti, na mama mshauri. Wewe unayepimwa ukaambiwa u mzima na bado unaumwa, usione aibu kwenda kwa mshauri. Nenda na mwenzako, kwa sababu ugonjwa huo analala nao yeye pia. Nanyi mnaosimamia ndoa za wengine, msiishie kusema vumilia. Salome alivumilia, na sote wawili tukazidi kuumwa.

Hofu haijaisha. Ila siku hizi nikiogopa nasema naogopa, na nguo za Eliya zinakaa kabatini jinsi mama yake alivyozikunja.