Mtoto Tuliyemwita Baba

Binti wa kaka yangu alizaliwa wiki tuliyomzika baba, akapewa jina lake ingawa ni wa kike. Tangu hapo, nyumbani kwetu Ipuli anaitwa Baba. Kaka humwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba, mdomo umejaa uji. Mama yangu humwita mume wangu. "Mume wangu, leo umerudi mikono mitupu, hata asali ya kulamba huna?" Ndivyo tulivyolelewa: anayebeba jina la marehemu hubeba na heshima yake.

Mwaka huu maneno yalifika hadi shuleni kwake. Simu za wazazi zilijaa jumbe za sauti za watu wasiojulikana, zikionya kwamba watoto wanafundishwa kuwa mwanamume anaweza kugeuka mwanamke. Vibandiko vya upinde wa mvua, uliosemwa kuwa alama ya mambo hayo, vilibanduliwa kwenye mabegi. Darasa la awali lilikuwa na safina ya Nuhu ukutani. Upinde uliokuwa juu yake ukapakwa chokaa. Kisha wazazi wakaitwa kikaoni. Kaka alikuwa kazini Kaliua, kwenye reli, kwa hiyo nikaenda mimi na mama.

Mzazi mmoja mwenye duka Mtendeni akasimama. "Hapa kuna binti anaitwa baba. Anaitwa mume. Getini, mchana kweupe. Tunahangaika na mambo ya Ulaya, kumbe tunayo humu humu."

Watu wakageuka kututazama. Jirani yetu, ambaye mwanawe wa kiume ana jina la bibi yake na mtaa mzima humwita Mama, aliinamia simu yake.

Mama akaanza kuinuka. "Mwanangu, yule ana jina la marehemu mume wangu, na sisi..."

Nikamvuta kanga. Mimi, mwandishi ninayealikwa Dar es Salaam kuzungumzia uhuru wa vitabu, niliogopa asije mtu akauliza riwaya yangu ina nini ndani. Nikasema, "Ulikuwa utani tu, wazazi wenzangu. Hatutamwita hivyo tena."

Wakapiga makofi. Makofi yale yalinichoma usoni kama jua la Oktoba. Mama akaketi, akalinyoosha pindo la kanga pale nilipolikunja, akalinyoosha tena.

Mtoto alikuwa akitungoja getini. Mwenye duka alikuwa karibu, anawasha pikipiki. Mama alimtazama mwenye duka, kisha akamwambia mtoto polepole, "Njoo, mjukuu wangu."

Mtoto akageuka nyuma kuona ni nani anayeitwa.

Jioni kaka akapiga simu, kama kawaida yake. Mama alipokea, akasikiliza kidogo, kisha akaninyooshea ile simu bila kuniangalia.

"Anamtaka Baba. Mwambie wewe."

Niliishika, nikaiweka sikioni. Kaka, akidhani amekwisha kupewa binti yake, alikuwa akicheka huku akiamkia: shikamoo, Baba, shikamoo.