Salamu ya Kupanda na Salamu ya Kushuka

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, miaka ya elfu mbili na kitu, nikisoma chuo kikuu hapa Birmingham na kupanga chumba kwa Mzee Byamungu, Mkongo wa mtaa wa Nechells. Nilikuwa na shahada moja, ya pili njiani, na ushauri kwa kila mtu. Siku hizi shahada zimebaki, ushauri umepungua.

Mjukuu wake, Neema, alikuwa amekwenda Japani kufundisha Kiingereza. Siku hiyo alimpigia babu yake simu akilia, sauti ikinifikia hata mimi niliyeketi kando, anataka kuacha kazi arudi nyumbani. Kila asubuhi, alisema, hupanda treni ndogo ya umeme, ile inayopita barabarani pamoja na magari na kusimama kwenye taa kama basi. Naye akiingia, kama alivyolelewa, husalimu abiria wote. Hakuna anayeitika. Wengine hutazama viatu vyao.

"Babu, they hate me. Wananichukia tu."

Mgeni ni kuku mweupe, mwanangu. Hata asipowika huonekana.

"Arudi, Mzee," nikanong'ona. "Pasipo salamu hapakaliki." Nilijiona nimetunga methali.

Mzee akaninyamazisha kwa kiganja. "Mama," akamwambia mjukuu, maana ndivyo Wakongo wanavyomwita binti wanayempenda, "na ukishuka, inakuwaka namna gani?"

Neema akafikiri. Watu hushukia mlango wa mbele, alipo dereva. Dereva humwinamia kichwa kila mmoja na kumshukuru.

"Na weye pia?"

"Me too. Kila siku."

"Unamujibu nini?"

"Nothing, Babu. Ninakuwa na hasira."

Mzee akacheka taratibu. "Bon. Sisi tunasalimiaka wakati ya kupanda. Bale ba kule banasalimiaka wakati ya kushuka. Sasa ni nani hajaitika?"

Neema hakurudi mwezi ule, wala mwaka ule. Alianza kwa kumshukuru dereva, na kabla ya baridi kuisha kulikuwa na bibi mmoja aliyemwekea nafasi kitini.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Basi uendapo ugenini, usiwapime watu kwa wakati wako wa kusalimiwa. Ngoja uone wema wao hutokea wapi, nawe uuitikie. Na ukikata tamaa, kata baada ya hapo. Mungu akujaalie subira, akulinde uendako, na akupe sikio la kuitambua salamu hata ikija kwa namna usiyoizoea.