Kidude cha Baba na Njia ya Bamba

Sisi tuliokulia Shika Adabu, huku Likoni, wakati simu ilikuwa ya kupigia na kutuma ujumbe tu, safari tunaijua. Kila Krismasi tulikwenda kwa Bibi, mamake Baba, ndani ndani huko Bamba. Baba alikuwa dereva wa watalii, na mmoja wao, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia kifaa cha kuonyesha njia. Kilikuwa kidude cha ukubwa wa mche mdogo wa sabuni, kikibandikwa kwenye kioo cha mbele. Mwanamke alisemea humo kwa Kiingereza, na alivyolitamka jina la Mazeras, tulishika mbavu. Mama alimwita mke mwenza. “Huyu naye ataamrisha mpaka lini?” aliuliza.

Ramani yake ilikomea pale lami ilipoishia. Kuanzia hapo Baba alisimama kila njia panda, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi mahali, kisha akatugeukia sisi tuliojaa vumbi na makombo ya mahamri. “Hapa tupaiteje?” Tukapaita Punda Kiwete. Tukapaita Kanisa Bila Paa.

Tulipokua, Bibi ndiye aliyekuwa akija Likoni, nasi tukaisahau njia. Mwaka jana, asubuhi moja, jirani yake akapiga simu: Bibi hawezi, siku ya pili hajala, na gari hakuna. Kaka yangu Kazungu alishika usukani, mimi nikashika simu. Baba, ambaye sasa ana mtoto wa jicho, alikaa nyuma na kidude chake mapajani.

“Baba, hicho ni cha makumbusho,” Kazungu alisema.

Na kweli, kwenye barabara mpya ya Dongo Kundu, inayopita juu ya maji kwa madaraja, simu ilituongoza vizuri, ilhali kidude kilituonyesha tukielea majini. Tulicheka, Baba naye akacheka.

Tulipoupita mji wa Bamba, mtandao ukakatika. Hakuna aliyekuwa amehifadhi ramani kwenye simu. Malori ya mchanga yalikuwa yamechora njia nyingi, Kazungu akafuata moja, ikatufikisha kwenye lambo lililokauka. Nilimfikiria Bibi mkekani, midomo imemkauka, machozi yakanilenga.

“Kichomeke hiki, mwanangu, chaji imekiishia,” Baba alisema taratibu. “Tafuta Punda Kiwete.”

Majina yetu yote yalikuwamo. Tulirudi nyuma, tukayafuata moja baada ya jingine. Kanisa sasa lilikuwa na paa la mabati.

Bibi alifumbua macho aliposikia sauti ya Baba. Tulimpeleka hospitali, akatundikiwa maji, na wiki ile ile akaanza kutugombeza kwa kutomtembelea.

Siikatai simu. Watoto wangu hunifikisha nayo popote, upesi, bila kumuuliza mtu. Ila tukishafika, nikiwauliza tumepitia wapi, hutazamana tu.