Sauti ya Spés Kwenye Sinema ya Wakorea

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, Gaspari Ntahondi anazima jokofu lisije likanguruma, anajifunika blanketi pamoja na kompyuta na kipaza sauti, kisha anaanza kufoka kwa niaba ya mzee mmoja wa Korea.

Katika nyumba hii ya kupanga ya Whitehall, pembeni mwa Columbus, hivi ndivyo sinema zinavyopata Kiswahili. Siku za kazi Gaspari, mwenye miaka arobaini na sita, hupakia maboksi kwenye ghala huko Gahanna. Jumamosi huwa baba mkwe, askari au mlevi, wote kwa sauti ile ile yenye mkwaruzo. DVD zake, dola tano kila moja, huwafikia Warundi wenzake hadi Louisville na Buffalo.

"Kikorea sijui hata salamu," anacheka. "Nasoma maandishi ya Kiingereza polepole, nyuso zinanimalizia."

Kazi hiyo aliianzia kwenye banda la video katika kambi ya Mtabila, Tanzania. Yeye aliwasemea wanaume, mkewe Spés aliwasemea wanawake. Spés alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, binti yao Irakoze akiwa na miaka minne. Tangu hapo maneno ya wanawake Gaspari huyasimulia tu, hawasemei.

Irakoze sasa ana kumi na sita. Baba akimwita kwa Kiswahili, hujibu kwa Kiingereza, tena kwa mkato, na mlango wa chumba unafungwa. Hilo linamuuma Gaspari kuliko mgongo wa ghalani.

Mwezi uliopita alianza sinema yenye hadithi tatu za familia za siku hizi. Katika ya pili, mama aliyekufa anakaa mezani na wanawe, anaongea, hakuna anayemwona. Gaspari alimwacha bubu, akachoma DVD ya hadithi mbili za kwanza na kuituma kwa wateja.

Siku tatu baadaye simu iliingia kutoka Newburg, Louisville. Mteja wake Mukabutera hakusalimia. "Kaka Gaspari, huyo mama anayeongea kwenye sinema ni nani? Watoto wamekataa kubaki sebuleni."

Kisha akapiga Revokatus, kaka yake Spés, kutoka Buffalo, akilia. "Shemeji, ile ni sauti ya dada yangu. Umeitoa wapi?"

Hakuna kanda yenye sauti ya Spés iliyobaki. Gaspari aliiweka DVD kwenye kompyuta. Mama wa Kikorea akafungua mdomo: "Kuleni, mie nimeshiba."

Spés alisema hivyo kila mgao wa chakula kambini ulipopungua. Gaspari anaapa hajawahi kumwambia mtu.

"Niliogopa, sikufichi. Nilirudi nyuma hadi ukutani."

Mlango wa chumba ukafunguka. "Ni mimi, Baba," Irakoze akasema, kwa Kiswahili. "Ulimwacha bila sauti, nikamhurumia, nikamwekea yangu kabla hujachoma DVD."

"Na maneno, nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nilifungua mdomo, yakaja."

Mpaka leo Gaspari hakisikilizi kipande hicho akiwa peke yake.

Sasa wote wawili wako kwenye hadithi ya tatu, ya baba na binti wasiosemezana. "Natamani tumalize zote kabla ya Krismasi," anasema Gaspari. "Hata binti yangu akinigombeza humo, mradi anigombeze kwa Kiswahili."

Mzee wa Korea amemaliza kufoka. Irakoze anavuta kipaza sauti. Maandishi yanasema binti anaomba nauli, lakini yeye hayasomi.

"Baba, mbona hunisimulii habari za mama?"

Kwenye skrini mzee anafungua mdomo, anaufunga.

"Jibu ninalo," Gaspari anasema. "Ila ni refu, halitaenea kwenye mdomo wa mzee huyo."

Irakoze anafunga kompyuta. "Sinema itasubiri," anasema. "Anza."